Bangili ya Sumaku na Maumivu ya Viungo

Suala linaloulizwa sana barazani ni hili: je, sumaku ivaliwayo mkononi au kufungwa gotini huondoa maumivu ya baridi yabisi, au ni mali ya mtu tu inayopotea? Nyuma yake liko suala jengine, zito zaidi, ambalo watu hulipita mbio. Ikiwa mgonjwa amepata nafuu kwa kuitakidi tu, na kile kitu chenyewe hakina kazi, ni halali kwa ajuaye kunyamaza? Na ni halali kwa auzaye kuuza?

Mambo haya mawili hayana budi kutengwa. La kwanza ni la tajriba, na hukatwa kwa kupima. La pili ni la dini na akhlaki, wala halikatwi kwa vipimo peke yake. Wengi huanza na la pili kabla ya kulijua la kwanza, wakaharamisha au wakahalalisha kitu wasichokijua hali yake.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kwa jina la baridi yabisi watu huita maradhi mengi yasiyo ndugu. Yako yale ya uzee, ambayo gegedu lililo baina ya mifupa hulika pole pole, khasa magotini, nyongani na vidoleni. Mwenye nayo huumwa akienda, akikaa hupata raha. Yako mengine ambayo kinga ya mwili, iliyowekwa imlinde mtu, hugeuka ikaushambulia utando wa viungo vyake mwenyewe. Haya humshika hata kijana, hufurisha vidole vya mikono yote miwili, na asubuhi mtu huamka amekakamaa hata kufunga vifungo vya kanzu kukawa kazi. Tena kuna jongo, litokalo kwa chembe za asidi ya yuriki zituazo kiungoni, mara nyingi katika kidole gumba cha mguu. Maradhi matatu, sababu tatu, na bangili ni moja. Hilo peke yake lingemfanya mwenye akili asite kidogo kabla ya kutoa mkono mfukoni.

Hoja ya wauzaji ni nyepesi kuikumbuka: damu ina chuma, sumaku huvuta chuma, basi sumaku huiendesha damu penye maumivu. Maneno haya yana sura ya ilimu, lakini chuma kilichomo damuni si chuma cha msumari. Kimefungamana ndani ya himoglobini, na kwa hali hiyo hakivutwi na sumaku kwa nguvu ya kuhisika. Dalili yake iko hospitali. Mashine ya MRI ina sumaku ya Tesla 1.5 au 3, ambayo bangili haiikaribii kwa nguvu. Mgonjwa hulazwa ndani yake nusu saa au zaidi, na damu yake huenda kama ilivyokuwa ikienda, wala hatoki humo amepona goti. Zaidi ya hayo, nguvu ya sumaku ndogo hupungua upesi kwa kila kidogo kinachoongezeka cha umbali. Iliyo mkononi haifiki gotini. Muuzaji hujibu kuwa damu huzunguka mwili mzima. Ni kweli huzunguka, illa haichukui usumaku ikenda nao.

Walakini hoja hiyo haitoshi kukata shauri, na insafu yataka lisemwe hilo. Dawa nyingi ziliwafaa watu kabla haijajulikana ni kwa sababu gani. Gome la mti utoao kwinini liliwafaa wenye malaria tangu karne ya 17, na mdudu wa homa hiyo hakuonekana mpaka mwaka 1880. Basi huenda mtu akasema: na iwe hivyo, sababu haijulikani, lakini bangili inafaa. Mtu huyu hajibiwi kwa kuchekwa. Hujibiwa kwa mizani.

Na mizani hii si ngeni kwa Waislamu. Abubakar al-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad, aliyefariki kiasi cha mwaka 925, alitaka kujua kama kuumika damu humkinga mtu na uvimbe wa utando wa ubongo. Katika kitabu chake al-Hawi amesimulia kuwa kundi moja la wagonjwa aliwatoa damu, na kundi jengine akaliacha makusudi bila ya kulitoa, ili apate kuona tafauti. Muradi wake ulikuwa wazi: aliyetiwa dawa akapona si ushahidi, maadamu hajulikani yule asiyetiwa amekuwaje.

Sumaku nayo ilikwisha kupelekwa mbele ya kadhi wa namna hii zamani. Franz Anton Mesmer, tabibu wa Vienna, alianza kutibu kwa sumaku mwaka 1774, kisha akadai kuwa hata chuma hakihitajiki, nguvu imo mwilini mwake mwenyewe. Paris ilimpokea kama mfalme. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliweka baraza la wataalamu, miongoni mwao Benjamin Franklin na Lavoisier. Kijana mmoja aliambiwa kuwa katika bustani mti mmoja umetiwa nguvu hiyo. Akafungwa macho, akapitishwa mti baada ya mti, akazimia penye mti usiotiwa kitu. Baraza likahukumu kuwa nguvu yenyewe haipo, na yaliyoonekana ni kazi ya dhana.

Kilicho karibu zaidi na baridi yabisi ni khabari ya Bath, mji wa Uingereza wenye chemchemi za maji ya moto. Mmarekani Elisha Perkins alipata mwaka 1796 hati ya serikali yake ya kuuza vijiti viwili vya madini, vikipitishwa juu ya ngozi ili kuondoa maumivu. Havikuwa sumaku, lakini dai lake lilikuwa la ukoo huo huo, na watu wakubwa walivinunua kwa fedha nyingi. Daktari John Haygarth akachonga vijiti vya mti, akavipaka rangi vifanane na vile vya kweli. Mwezi wa Januari 1799 akavitumia kwa wagonjwa watano wenye maumivu ya viungo ya muda mrefu. Wanne wakasema wamepata nafuu. Siku ya pili akatumia vile vya madini, na majibu yakawa yale yale. Wale wanne hawakusema uwongo. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, na nafuu waliyoihisi ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa si kweli ni kijiti.

Tajriba za zama hizi ni nyingi, na hazikukubaliana zote. Mwaka 1997 huko Houston wagonjwa 50 waliobaki na maumivu baada ya kupooza kwa polio waliwekewa sumaku au kitu kifananacho nayo kwa dakika 45. Waliopunguziwa maumivu walikuwa 76 katika mia kwa sumaku, na 19 katika mia kwa kile cha uwongo. Hiyo ndiyo tajriba ambayo wauzaji huipenda, nao wana haki ya kuitaja, ingawa haikuwa ya baridi yabisi wala haikudumu saa nzima. Mwaka 2004 Waingereza walichapisha nyengine, ya watu 194 wenye maumivu ya nyonga au goti la uzee, kwa muda wa wiki 12. Wenye sumaku kamili walipata nafuu kidogo kuwapita wenye bangili tupu. Lakini hapa pana tatizo ambalo kidonge hakina: mwenye sumaku hujua kuwa anayo. Funguo humganda mkononi, na kijiko pia. Akishajua, dhana hurudi kwa mlango wa nyuma, na watafiti wenyewe hawakuthubutu kusema kuwa nafuu ile ilitoka kwa sumaku.

Baadaye watu wa York waliifunga milango zaidi. Walimpa kila mgonjwa bangili nne kwa zamu: ya sumaku kamili, ya sumaku dhaifu, isiyo na sumaku, na ya shaba, kila moja kwa wiki kadhaa, ili mtu apimwe na nafsi yake mwenyewe. Mwaka 2009 ilitoka khabari ya watu 45 wenye maradhi ya uzee wa viungo, na mwaka 2013 ya watu 70 wenye yale ya kinga ya mwili. Katika zote mbili, bangili ya sumaku wala ya shaba haikuonyesha kazi iliyozidi ile ya bangili tupu. Na katikati yake, mwaka 2007, waliojumlisha tajriba nyingi za sumaku kwa maumivu ya namna mbali mbali hawakuona faida ya kutegemewa.

Mbona basi watu waaminifu huapa kuwa wamepona? Sababu moja ni dhana, imekwisha kutajwa. Ya pili huwapita watu kwa kuwa ni nyepesi mno. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka kama maji ya pwani. Hakuna mtu anayetoka kwenda kununua bangili siku aliyoamka vyema. Huinunua maji yamejaa. Na maji yakijaa hayana njia illa kupwa, bangili iwepo isiwepo.

Asidhani mtu kuwa mizani hii imewekwa kwa ajili ya vitu vya mitaani tu. Mwaka 2002, huko huko Houston, wagonjwa 180 wa magoti waligawanywa: wengine wakasafishwa goti kwa upasuaji, wengine wakachanjwa ngozi tu na kushonwa, bila ya kujua nani ni nani. Walifuatwa miaka miwili, na waliopasuliwa kweli hawakuwapita waliochanjwa. Upasuaji ule ulikuwa wa hospitali kubwa, wa madaktari wenye shahada, na wenye gharama kuliko bangili elfu. Mizani iliukataa kama ilivyoikataa bangili.

Likija sasa suala la pili, wako wasemao: kama nafuu inapatikana, iache ipatikane, kumwondolea mzee dhana yake ni kumrudishia maumivu yake. Hoja hii ina huruma ndani yake na haifai kudharauliwa. Lakini huruma hiyo hujengwa juu ya kumfanya mtu mzima kama mtoto, anyimwe khabari ya mwili wake na ya fedha zake kwa kudaiwa kuwa ujinga unamfaa zaidi.

Katika Hadithi lipo jambo lililo karibu mno na hili. Imepokewa kwa Imran bin Husayn, katika Musnad ya Imam Ahmad na Sunan ya Ibn Majah, kuwa Mtume (s.a.w.) alimwona mtu na kikuku cha shaba mkononi, akamwuliza ni cha nini. Akajibu kuwa ni kwa ajili ya wahina, nayo ni maumivu ya mkono na bega. Akamwamuru akivue, na kumweleza kuwa hakitamzidishia kitu illa udhaifu. Wanavyuoni wa Hadithi wamekhitilafiana juu ya isnadi yake. Na Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, alipoulizwa juu ya bangili za madini zivaliwazo kwa baridi yabisi, aliona kuwa ziachwe. Wanaoruhusu husema kuwa shaba ya yule mtu ilikuwa hirizi, na ya leo huvaliwa kama dawa, mfano wa kitambaa kifungwacho jeraha. Tafauti hiyo ni ya haki. Lakini aliyeitoa bangili katika hukumu ya hirizi akaiweka katika hukumu ya dawa amekubali kuwa itapimwa kama dawa, nayo imekwisha kupimwa.

Muuzaji ajuaye hayo kisha akanyamaza, hali yake ni ya yule mwuza nafaka ambaye Mtume alitia mkono katika rundo lake akakuta chini ni maji, na juu pakavu. Mgumu zaidi ni muuzaji asiyejua, ambaye anaivaa bangili yeye mwenyewe na kuiamini. Huyo si mdanganyifu. Walakini imepokewa pia kuwa ajitiaye utabibu hali hakujulikana nao ana dhamana ya kinachotokea, na nia njema haikutajwa hapo kuwa ni udhuru.

Na mwana afanyeje, baba akimwambia, “Mwanangu, tangu niivae hii nalala usiku”? Halazimiki kumvua. “Alhamdulillahi, baba,” ni jibu la kweli, kwani usingizi ni neema bila ya kuishuhudia bangili. Akiulizwa waziwazi kama sumaku ndiyo iliyofanya, hapo hana rukhsa ya kusema ndiyo. Na akiona baba ameacha dawa zake kwa ajili ya ile bangili, kunyamaza kwake si adabu tena.

Kwani khasara kubwa si bei. Yale maradhi ya kinga ya mwili yasipotibiwa huharibu viungo katika miaka ya mwanzo, na kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudi. Ziko dawa za kuyazuia, mashuhuri yake ni methotreksati, ambayo kwa maradhi haya hutumiwa mara moja tu kwa wiki, kwa uangalizi wa daktari na kupimwa damu. Aliyengoja mwaka mzima bangili ifanye kazi ameupoteza mwaka ambao dawa ingefaa zaidi. Ama magoti ya uzee, yaliyothibiti kuyafaa hayana muuzaji wa kuyapigia debe: kuyatia nguvu misuli ya mapaja kwa mazoezi ya kila siku, na kupunguza uzito kwa aliye mzito. Na mwenye kifaa cha kuendesha moyo kilichopachikwa kifuani asiisogeze sumaku karibu nacho hata kidogo, kwani yaweza kukigeuza mwendo wake, awe anaiamini au haiamini.