Karatasi Imesema

Ukianza kuhesabu viwanja vya Viwanja Sitini, hapa Ifakara, utapita sitini kabla hujachoka. Mtaa umekua, jina limebaki na idadi yake, na hakuna anayelalamika. Ukimtajia bodaboda, anakufikisha. Kwa muda mrefu niliamini majina yote yako hivyo: yakipitwa na wakati, hayamdhuru mtu.

Mimi ni fundi umeme. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga kabati la umeme la mashine ya kukoboa mpunga ya mama mmoja wa mtaa huu. Mota ya fezi tatu, kontakta tatu za kuiwasha kwa sta-delta, na rilei ya kuilinda isizidiwe na mzigo. Nilijivunia mchoro wake kuliko kabati lenyewe. Kila kifaa kilikuwa na alama: swichi kubwa Q1, kontakta K1, K2 na K3, teminali X1. Tena niliweka marejeo, kazi ambayo wengi wetu tunairuka kwa sababu mteja hailipii. Koili ya kontakta huchorwa ukurasa mmoja, na sehemu zake zinazofunga na kufungua njia ya umeme hutawanyika kurasa nyingine. Kwa hiyo chini ya koili ya K2 niliandika 1.5, yaani ukurasa wa kwanza, safu ya tano. Kwenye safu hiyo nikaandika 2.3, mahali ilipo koili. Kila upande unamtaja mwenzake, na msomaji akianzia popote anafika.

Msimu uliofuata mama aliongeza feni ya kupuliza pumba, ikachukua umeme kwenye swichi nyingine ukutani. "Mwanangu, feni ikizimika, na mashine isimame," alisema. Nikapitisha waya mmoja kutoka upande wa feni hadi teminali ya saba. Kazi ya nusu saa. Magunia yalikuwa yamefika mlangoni na wenye mpunga wanasubiri. Karatasi nikasema nitairekebisha kesho.

Kesho hiyo haikuja. Mwaka mmoja baadaye nilimtuma kijana ninayemfundisha kazi akabadilishe kontakta. Alifungua kabati, akasoma mchoro uliobandikwa ndani ya mlango, akaona teminali ya saba inalishwa kupitia Q1. Akazima Q1, akaingiza mkono. Umeme ulimrusha. Alipona, lakini vidole viwili viliungua.

Nilifika nikiwa na swali langu tayari: "Mbona hukupima na testa?" Ni swali la haki. Kupima kabla ya kugusa ni somo la kwanza, na mimi ndiye niliyemfundisha. Akaniangalia, akajibu: "Fundi, si karatasi imesema?"

Je, nilimdanganya? Siku niliyochora, kila herufi ilikuwa kweli. Sikuongeza neno la uongo hata moja, nilinyamaza tu. Lakini ukweli ule ulichacha, na aliyeuacha uchache ni mimi, kwa mkono uleule uliohamisha waya. Linaloniuma zaidi ni hili: kama nisingechora chochote, angeogopa. Kabati lisilo na alama humtisha fundi, na hofu hiyo humlinda. Mimi nilimwondolea hofu, nikamwachia karatasi.

Hapo ndipo jina la mtaa na alama ya teminali vinapoachana. Hakuna anayeweka mwili wake rehani kwa kuamini kwamba viwanja ni sitini. Alama ya kwenye kabati imeandikwa ili mtu aiamini kwa mkono wake. Jina la namna hiyo ni ahadi, na ahadi haitimizwi siku ya kuitoa tu.

Wapo wenzangu wanaosema basi ni heri kutoandika. "Ukiandika kila kitu, kesho ataitwa wa bei rahisi." Nawaelewa, nami nina watoto wa kulisha. Lakini fundi huhama, husahau, hufa, na kabati hubaki. Atakayelifungua huenda hata jina langu halijui. Kiwango cha kimataifa cha IEC 81346 kinaelekeza alama ziandikwe vipi: = kwa kazi, + kwa mahali, - kwa kifaa chenyewe. Kinaweza kunifundisha kutaja kitu. Kurudi kusahihisha ni juu yangu.

Vidole vilipopona tulirudi pamoja. Nilimwachia kijana kalamu. Akaongeza ukurasa wa tatu kwa ajili ya feni, akaweka marejeo ya kwenda na kurudi, kisha pembeni ya teminali ya saba akaandika: "Ina umeme hata Q1 ikizimwa." Chini akaweka tarehe.

Alipomaliza, alizima Q1 na swichi ya feni, akatoa testa, akapima kila teminali mbele yangu. Sikuudhika.