Usawa wa Dadu na Usawa wa Mafungu

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974, kila mchezaji hujitwalia mhusika wa hadithi; na hapo mwanzo nguvu, akili na kila sifa yake ilipimwa kwa kutupa dadu tatu. Dadu hizo huanguka kwa njia 216: jumla ya 18 ina njia 1 tu, ya 10 ina 27. Basi mmoja hupata shujaa, mwenziwe mnyonge. Je, huyu amedhulumiwa? Twasema la, dadu haina kipenzi. Lakini usawa wa kutupa si usawa wa kupata. Atakaye mafungu sawa, na agawe alama sawasawa, dadu ziwekwe kando. Yapasa wenzi wachague njia kabla ya kutupa; kwani adaiye kanuni nyingine baada ya kuona fungu lake, hatafuti haki, atafuta faida.