Mwenye Uta wa Mti Hana wa Kumsingizia

Wajukuu zangu wa Kitisuru hapa Nairobi, kaeni chini mnisikilize. Sauti imechoka, na haya nimeyasema mara nyingi kwa waliowatangulia. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sipendi guu la mtoto wa mtu livunjike nami nipo, nimenyamaza.

Nasikia mnataka kuweka kando mata ya roda, yale ya kiwandani mnayoyaita kompaundi, mshike uta wa mti. Mnasema mmechoshwa na skrubu, lenzi na vifyatulio. Mnataka mti, upote na mshale, basi. Hamu hiyo naijua na naibariki. Ila hamu peke yake haimfikishi mtu. Neno langu leo ni moja, na nitalirudia mpaka liwaingie: uta wa mti humrudishia mtu kazi yote ambayo mtambo ulikuwa ukimfanyia, na uzuri wake umo katika kazi hiyohiyo. Anayeufuata akidhani ni njia ya mkato atautupa mapema.

Kwanza tuupe uta wa roda haki yake. Aliyeubuni ni Mmarekani wa jimbo la Missouri, Holless Wilbur Allen, aliyeomba hataza mwaka 1966 akaipata mwaka 1969. Kwenye ncha za uta alifunga magurudumu ambayo ekseli yake haikukaa katikati. Ukivuta, uzito hupanda kwanza, kisha hushuka ghafla karibu na mwisho. Uta wa ratili 60, yaani kilo 27, ukiwa umepunguza asilimia 80, hukuachia ratili 12 tu za kushika. Hapo unaweza kutulia, ukatazama kwenye sindano ya kulengea, ukabonyeza kifyatulio bila jasho. Mshale wake hufika kasi ya futi 300 kwa sekunde. Na mwaka 2028, kule Los Angeles, uta huo utaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, katika shindano la timu za mwanamke na mwanamume. Kwa hiyo jirani yako akibaki na roda yake, usimcheke wala usijione umemzidi uungwana. Amechagua ufundi wake, nao una jasho lake.

Sasa sikilizeni habari ya mti. Uta wa mti hauna huruma ya magurudumu. Kila inchi unayovuta huongeza uzito, na mkono ukifika shavuni, pale unapohitaji utulivu kuliko popote, ndipo uzito wote unapokulalia. Huna sindano wala lenzi. Una vidole vitatu, jicho na mgongo wako. Bega likilegea, mshale utasema. Ukiwa na hofu, mshale utasema. Ukiwa umetoka kazini na hasira za foleni ya Waiyaki Way, nazo pia mshale utazisema mbele ya wenzako.

Msidhani nawatisha. Hapo ndipo penye utamu. Mtu wa mji huu siku nzima anasaidiwa: simu inamwamsha, simu inamwonyesha njia, simu inamsahihishia hata salamu anazomwandikia mamake. Jioni nafsi yake inatamani jambo moja ambalo hakuna aliyelisahihisha kabla halijamfikia. Uta wa mti humpa jambo hilo. Akipata shabaha, ameipata yeye. Akikosa, amekosa yeye, na hana skrubu ya kusingizia.

Hata mshale wenyewe utakulazimisha kujifunza upya. Upote unapouachia, wano la mshale hujipinda na kuupita mti wa uta, kisha hujinyoosha hewani. Kwa sababu hiyo ugumu wa wano sharti ulingane na nguvu ya uta. Likiwa gumu mno, mshale wa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia hukimbilia kushoto; likiwa laini mno, huenda kulia. Nyuma yake tieni manyoya ya ndege, msitie plastiki, kwa maana manyoya hulala yanapougusa uta, ilhali plastiki huugonga na kuupotosha mshale. Wazee waliyajua haya bila kuyaandika popote.

Nao wazee hao hawakuwa mbali. Mnapotafuta kile mnachokiita asili, kabla ya kuagiza chochote ng'ambo, ujueni ukoo wa jambo hili katika nchi yenu. Katika nyika za Tsavo na mto Galana waliishi Waata, ambao wengine waliwaita Waliangulu. Mata yao yalizidi ratili 100, kilo 45 na zaidi. Wazungu hujivunia mata ya Mary Rose, meli ya mfalme wa Uingereza iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982; uta wa Mwaata ulikuwa wa daraja hilo. Na aliyeuvuta hakusimama juu ya ukuta wa ngome. Alimnyatia ndovu hadi karibu kabisa, akiujua upepo, akiwa na mshale uliopakwa sumu ya msunguti.

Kisha dunia ikawageukia. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na miaka ya 1956 na 1957 wasimamizi wa mbuga hiyo, David Sheldrick na Bill Woodley, waliongoza msako mkubwa dhidi ya wawindaji. Waata wengi walifungwa jela, na elimu waliyorithi kwa babu zao ikawa ushahidi wa hatia yao. Lakini mwaka 1925 daktari Mmarekani, Saxton Pope, alikuwa amekuja Tanganyika na mwenzake Arthur Young kupiga simba kwa mishale, kisha akaandika kitabu. Mgeni aliposhika uta aliitwa mwanamichezo. Mwenyeji aliposhika wake aliitwa jangili. Dhuluma hiyo iwekeni moyoni, wanangu, msije mkavaa ufundi wa watu hawa kama pambo huku hamjui walilipa nini.

Siwaambii mrudi porini. Uwindaji nchini ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Ndovu waliobaki ni amana yetu. Sumu iacheni kabisa, hata elimu yake msiionje. Haina kazi katika nyumba yenye watoto. Nawaambia mtafute ujuzi. Ukambani, Kitui na Machakos, bado wapo wazee wanaojua mti upi hukatwa, hukaushwa vipi, na hupasuliwa kufuata nyuzi zipi. Mwendeeni mmoja wao, mlipeni haki yake, mkae chini yake mjifunze. Huyo Pope niliyemtaja alikuwa daktari msomi, lakini ufundi aliupata kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi wa California, aliyefariki mwaka 1916. Daktari alikubali kuwa mwanafunzi. Nanyi msione haya. Mcheza kwao hutunzwa.

Anayeogopa kuruka hatua yote mara moja, njia ya katikati ipo. Mkenya mwenzetu Shehzana Anwar, aliyeibeba bendera ya taifa katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alishindana huko kwa uta usio na roda, wenye kilengeo lakini unaovutwa kwa vidole na kushikwa kwa uzito wake wote. Kupita njia hiyo si unyonge.

Mkianza, shusheni kiburi pamoja na uzito. Aliyezoea ratili 60 za roda ashuke hadi 35 au chini yake. Ambaye hajavuta kamwe aanze na 25. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Simameni hatua chache tu mbele ya robota la nyasi lisilo na alama yoyote, mpaka mkono ujue njia ya kurudi shavuni bila kuulizwa. Duara la shabaha litangoja. Vaeni kinga ya ngozi mkononi. Upote usiachiwe kamwe pasipo mshale, maana nguvu isiyo na pa kwenda huupasua uta. Mkimaliza, fungueni upote mti upumzike, na msiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kuna maradhi yatakayowapata, na heri myajue mapema. Jicho likiona katikati ya shabaha, vidole huachia kabla mkono haujafika. Mkamia maji hayanywi. Dawa yake ni kuvuta, kushika, kisha kuurudisha upote polepole bila kupiga. Fanyeni hivyo mara nyingi kuliko mnavyopiga.

Kuhusu kukosa subira, Waislamu miongoni mwenu mnakumbuka vita vya Uhud, mwaka 625. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaweka wapiga mishale 50 kilimani chini ya Abdullah bin Jubayr, akawaamuru wasibanduke, jeshi lishinde au lishindwe. Walipoona adui anakimbia na ngawira imetapakaa, wengi wao walishuka. Wapanda farasi wa adui, chini ya Khalid bin Walid, wakazunguka kutoka nyuma, na ushindi ukageuka msiba. Mata yao yalikuwa mazima na mikono yao ilikuwa na nguvu. Walikosa subira ya kungoja. Wenzetu wa dini nyingine nao walichukue funzo hili, kwa maana mlima huo kila mpiga mishale anao ndani yake.

Mwisho, kumbukeni mnakaa wapi. Viwanja vyenu ni vya nusu eka, na vingine vimeshakatwa kupisha nyumba za safu. Ua la kayaba humzuia ng'ombe, mshale haliuzuii. Uta wa ratili 35 hutupa mshale zaidi ya mita 100, na nyuma ya ua hupita mlinzi anayekwenda zamu, mama anayetoka kufua, mtoto anayerudi shuleni. Shabaha iwekwe mbele ya kingo ya udongo, chini, na mtu mzima awepo. Mapema mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi huko Bonde la Ufa, mishale ilielekezwa kwa majirani na watu wakafa. Kwa hiyo msinyooshee uta mtu, hata kwa mzaha, hata usipokuwa na mshale.

Basi anayetaka mti na aushike, lakini aushike kwa miezi, asiuonje kwa wiki. Ukimshinda arudi kwenye roda bila aibu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na anayebaki nao, siku mshale utakapokwenda kombo, asiugeuzegeuze uta akitafuta kosa. Aweke miguu sawa, anyooshe bega, avute tena. Wabillahi taufiki.