Ibada Inayoanzia Langoni

Kijana mmoja wa madrasa yangu, anayeipenda Simba kuliko chakula, aliniuliza baada ya darasa: "Ustadhi, Uwanja wa Mkapa si umesomewa Qur'an? Mbona watu wanatukanana palepale?"

Si swali dogo. Mei 2019, ndani ya Ramadhani, uwanja ule ulikuwa bado unaitwa wa Taifa, na mashindano ya kuhifadhi Qur'an yalifanyika pale, Rais Magufuli akiwepo. Nami nilikuwepo, kwenye viti vya mzunguko, vilevile ninavyovikatia tiketi siku ya Simba na Yanga. Msomaji alipovuta pumzi kabla ya aya ndefu, jukwaa zima lilinyamaza. Alipoimaliza, takbira ilipanda kila upande.

Wapo wanaoona kwamba mahali pakishasomewa maneno ya Mungu pasirudiwe na makelele ya mpira. Naielewa hisia hiyo, lakini sikubaliani nayo. Tumefundishwa kwamba ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudia, hivyo nyasi za Temeke hazina cheo kuliko mchanga wa Jangwani. Uwanja hauna nia. Nia anayo aliyeingia. Anayetukana ajibu yeye, si kiti alichokalia.

Ningeweza kuishia hapo, kama si Uwanja wa Uhuru ulio jirani. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipandishwa pale. Oktoba 1999 taifa lilimuaga Mwalimu Nyerere pale. Novemba 2015 Magufuli aliapishwa pale, na Machi 2021 mwili wake ukaletwa palepale. Tarehe 21 ya mwezi huo watu 45, wakiwemo watoto, walikufa katika msongamano wa kwenda kumuaga. Nia yao ilikuwa na kosa gani? Walikwenda kumsindikiza maiti, jambo ambalo dini zote tulizonazo hapa zinalihimiza.

Kwa hiyo nia njema peke yake haitoshi. Na tusiseme balaa huandama mpira tu au msiba tu: 28 Mei 2023, siku Yanga ilipocheza na USM Alger fainali ya Kombe la Shirikisho kwa Mkapa, shabiki mmoja alipoteza maisha katika msukumano wa kuingia.

Angalia jinsi inavyokuwa. Lango likifunguliwa nusu, foleni inageuka kundi. Wa nyuma haoni anachobanwa nacho wa mbele, naye anasukuma akidhani njia iko wazi. Aliye katikati anaweza kufa akiwa amesimama wima, bila kukanyagwa na mtu, kwa sababu mbavu zimekosa nafasi ya kupanuka. Hakuna aliyekusudia kuua.

Mtume wetu alifundisha kwamba imani ina matawi mengi, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Tunalisoma madrasa tukifikiria miba na mawe. Mimi naona lango lililofungwa wakati watu wanabanana ni udhia mkubwa kuliko mwiba wowote, na mlinzi anayelifungua mapema anafanya ibada, hata kama ndani kuna mechi ya ligi. Aliyekufa pale mlangoni alikuwa mja wa Mungu, awe amevaa jezi, kanzu au kitenge cha msiba.

Basi nawaomba wanaokodi viwanja vyetu, wawe masheikh, wachungaji, klabu au serikali: kabla ya kupanga nani akae jukwaa kuu, pangeni watu wataingia na kutoka wapi. Wakijaa, semeni wamejaa, na walio nje waambiwe mapema. Nawe unayekwenda, ukimwona mtoto katikati ya msongamano mnyanyue juu, wapazie sauti walio nyuma wasimame, na usisukume.