Mdomo Umefungwa, Mkono Haukufungwa

Neno la Jumapili. Somo: Marko 1:40–45



Katika kanisa letu tuko kadhaa ambao Jumatatu asubuhi tunavaa sare na kwenda kazini hospitali na kliniki. Baadhi yetu ni wauguzi, wengine ni wasaidizi wa daktari katika kliniki za ngozi. Leo tumeombwa tulitazame somo hili kutoka pale tunaposimama kazini. Tumekuja na ushuhuda, lakini tumekuja na toba pia.

Katika kliniki ya ngozi, msaidizi ndiye anayemwita mgonjwa kutoka chumba cha kusubiri, anamuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, anampa gauni la kubadilisha. Ndiye anayeandaa sindano ya ganzi, kisu kidogo, na kichupa cha kupelekea kipande cha ngozi maabara. Daktari anaingia, anatazama, anakata, anakwenda chumba kinachofuata. Sisi tunabaki. Tunafunga kidonda, tunaeleza namna ya kukisafisha na siku ya kurudi kutolewa nyuzi. Ni wakati huo, daktari akishatoka, ndipo watu husema kinachowaumiza hasa. Mara nyingi si kuwashwa. Ni kwamba wameacha kuvaa mikono mifupi. Ni kwamba ni muda mrefu hakuna mtu aliyewashika.

Mtu wa somo letu alikuwa hivyo. Sheria katika Walawi 13 ilimtaka akae nje ya kambi na ajitangaze mwenyewe kuwa najisi. Neno ukoma katika Biblia lilibeba magonjwa mengi ya ngozi, si ule tu ambao kijidudu chake kiligunduliwa na daktari Hansen wa Norwe mwaka 1873. Kwa hiyo huenda kule nje walikuwepo watu ambao hawangemwambukiza mtu yeyote.

Tazameni alivyoomba. Uwezo wa Yesu hakuutilia shaka. Alichokuwa hana hakika nacho ni kama Yesu atapenda. Na Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, kama alivyomponya mtumishi wa yule akida akiwa mbali. Lakini huyu alimgusa, tena alimgusa kabla ngozi haijatakasika. Kisha akamwagiza asimwambie mtu, ila akajionyeshe kwa kuhani. Mkono ulinyooshwa, na siri ya mtu ikalindwa. Sisi tulifanya kinyume.

Dada yetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa kusimulia haya bila kumtaja jina, alipata soriasisi mikononi. Huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaifanya ngozi ijijenge upesi kupita kiasi, ikawa na mabaka mazito yenye magamba. Hauambukizi. Huupati kwa kushikana mikono, kwa kikombe, wala kwa kukaa kiti kimoja. Lakini wakati wa kupeana amani, watu walianza kumpungia kwa mbali. Akaanza kuvaa glavu. Januari hakuna aliyeshangaa, maana kila mtu alivaa. Ilipofika Juni, wote waliona.

Kisha ujumbe ukatumwa kwenye grupu la WhatsApp: tumwombee dada yetu, ana ugonjwa wa ngozi, tuwe waangalifu na watoto. Chini yake zikafuata amina, amina, amina. Tuliuita maombi. Ulikuwa umbea uliovaa joho la kwaya.

Sisi wa sare tulikuwemo kwenye grupu hilo. Mikono kama ile tunaiona kila wiki. Tukanyamaza, tukajitetea kwamba kazini tumefundishwa siri za afya ya mtu hazisemwi, na kwamba nchi hii ina sheria ya HIPAA tangu mwaka 1996. Ni sheria njema. Lakini dada huyu hakuwa mgonjwa wetu. Na hata angekuwa, sheria hiyo inafunga mdomo, haifungi mkono. Hakuna sheria iliyotuzuia kuvuka ule ujia wa katikati ya viti na kumshika. Kazini tunashika ngozi za wageni kutwa nzima kwa mshahara. Jumapili tulishindwa kumshika dada yetu bure.

Akaacha kuja. Aliyemfuata hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mama mzee ambaye hajawahi kufanya kazi hospitali. Alimvua glavu, akampaka mafuta mikononi, huku wakizungumza habari za nyumbani. Dada alirudi, na alisimulia mwenyewe, siku aliyoichagua mwenyewe, kwenye sala ya akina mama. Tulisikia tukiwa tumeinamisha vichwa.

Hatusemi magonjwa yote ni sawa. Upele unaambukiza, na unatibika. Mwenye upele apelekwe akatibiwe, nguo na matandiko yafuliwe. Lakini kumtibu mtu si kumfukuza.

Basi wiki hii, wapendwa, kabla hujataja jina la mtu kwenye maombi, muulize kwanza yeye. Na wewe unayeficha kitu kwenye mwili wako, nenda ukaonekane. Saratani ya ngozi hutupata sisi weusi pia, na mara nyingi aina iliyo hatari huanzia unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo hakuna anayetazama, ndiyo maana hugunduliwa ikiwa imechelewa. Doa jipya au linalobadilika, mwonyeshe daktari. Ukiona aibu kwenda peke yako, tuambie. Tutakusindikiza, na hatutasema.

Mwisho wa somo, yule mtu anaingia mjini, na Yesu ndiye anayebaki nje, mahali pasipo na watu. Walibadilishana nafasi. Kumgusa mtu kuna gharama, na Bwana wetu aliilipa.

Leo wakati wa kupeana amani, msipunge. Toeni mkono.

Bwana awabariki. Amina.