Mtama wa Danieli

Somo: Danieli 1:8–16



Habari hii mmeijua tangu utoto. Vijana wanne wa Yuda walichukuliwa mateka mpaka Babeli, wakawekwa katika nyumba ya mfalme, wakaandikiwa posho ya chakula cha meza yake na divai yake siku kwa siku. Danieli akaazimu moyoni asijitie unajisi kwa vyakula vile. Akaomba wajaribiwe siku kumi kwa mtama na maji tu, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za vijana wengine. Neno la Kiebrania lililopo hapo maana yake ni vitu vipandwavyo, yaani mbegu na mboga za shamba. Waliotutafsiria Biblia wakaandika mtama, wala siwalaumu, maana kwetu hicho ndicho chakula kitokacho katika jembe na kuliwa pasipo fahari.

Tazameni aliyeogopa katika habari hii. Si Danieli, bali ni mkuu wa matowashi. Aliogopa jinsi mfalme atakavyowatazama vijana wale, na hasira ya mfalme ingekiangukia kichwa chake mwenyewe. Hofu ya macho ya wakubwa ilikuwapo Babeli, nayo ipo hapa Lugoba.

Mwaka jana wakati wa masika nalikwenda kumzuru bibi mmoja mjane, alezaye wajukuu watatu, mmoja wao mgonjwa tangu kuzaliwa. Nilipokaribia nalisikia harufu njema ya kisamvu cha nazi. Nilipoketi, chungu kilikuwa kimefunikwa na kusogezwa nyuma ya mlango, na mtoto amekwisha tumwa mbio dukani, kando ya barabara kuu ipitayo malori ya Tanga na Arusha. Akarudi na soda mbili na mkate mweupe. Nikala, nikanywa, nikasifu, nikaomba. Nilipokuwa nikiaga, mjukuu mdogo akasema, “Bibi, sasa tule kisamvu chetu?” Bibi akamtazama kwa jicho kali, nami nikajifanya sikusikia. Baadaye mzee wa kanisa aliniambia kwamba vitu vile vilichukuliwa kwa deni, na deni lile lililipwa kwa kuku.

Ndugu zangu, nani alimfundisha mama huyu kukionea haya chakula chake? Hakujifunza kwa wazazi wake. Alijifunza kwetu sisi tuliosoma, tulioketi mezani pake mara nyingi tukionyesha kwa nyuso zetu kipi cha heshima na kipi cha kimaskini.

Sasa sikieni habari ya jaribu jingine, lililo kama lile la Danieli. Mwezi wa Aprili 2025 Godfrey Temba na Quirijn de Mast, pamoja na wenzao wa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud huko Uholanzi, walitoa habari ya kazi yao katika gazeti la waganga liitwalo Nature Medicine. Walichukua wanaume 77 wenye afya, vijana, wa kaskazini ya Tanzania. Wa kijijini 23, waliozoea vyakula vya asili, wakapewa kwa majuma mawili vyakula vya namna ya Ulaya, vilivyokaangwa na vilivyotengenezwa viwandani. Wa mjini 22 wakapewa vyakula vya wazee wetu: mboga, matunda, maharagwe, nafaka isiyokobolewa. Wengine 22 wakanywa mbege juma moja, na 10 wakaachwa na chakula chao cha kila siku.

Ikawaje? Wale wa kijijini waliongezeka uzito, damu yao ikaonyesha dalili za kuwaka ndani, na chembe zilindazo mwili zikalegea mbele ya vijidudu. Wale wa mjini waliorudi katika chakula cha asili, dalili hizo kwao zilipungua. Hata majuma manne baadaye mabadiliko mengine yalikuwa hayajaondoka. Kuwaka huku ndani ni kitu gani? Mtu akijikata, mahali pale huvimba na kupata moto, kwa kuwa askari wa mwili wamefika. Hilo ni jema. Lakini askari wakipiga kambi miaka na miaka pasipo adui, huanza kula mazao ya wenyeji. Ndiyo maana waganga huunganisha moto huu wa siku zote na maradhi ya moyo, na kisukari, na uzee ujao kabla ya saa yake.

Sitaki kuzidisha neno. Watu walikuwa wachache na siku chache, wala hapakuwa na mwanamke wala mzee katika hesabu yao. Tena sitaificha habari ya mbege, ingawa najua ni nani watakaofurahi kuisikia: nayo ilipunguza baadhi ya dalili zile. Mbege hufanywa kwa ndizi na ulezi, na hao waliipokea kwa kipimo, kwa siku saba, chini ya macho ya waganga. Anayekaa kilabuni mpaka jua litue asiniletee gazeti hilo.

Narudi kwa yule bibi, maana chakula si habari yake yote. Mwenye mashaka mwili wake hutoa maji yaitwayo kortisoli, kutoka katika tezi zilizo juu ya mafigo. Ukikutana na nyoka njiani maji hayo hukusaidia kukimbia. Lakini mashaka ya ada, ya dawa, ya mvua isiyonyesha, hayo ni nyoka asiyeondoka njiani, na mwili hauwezi kukimbia usiku na mchana. Mwaka 2004 Elissa Epel na Elizabeth Blackburn wa Marekani, pamoja na wenzao, waliandika juu ya wanawake 58, wengi wao mama wenye kuuguza watoto wao kwa muda mrefu. Ndani ya chembe za mwili kuna nyuzi za urithi, na ncha zake zimekingwa kama ncha ya uzi wa kiatu isifumuke. Kadiri tunavyozeeka kinga hizo hufupika. Wale waliouona mzigo wao kuwa mzito sana, kinga zao zilikuwa fupi kuliko za wenzao. Blackburn alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi yake juu ya kinga hizo.

Basi nilikwenda kwa mama aliyechoka kwa kuuguza, nikanena naye habari za maua ya kondeni yasiyojisumbua, kisha nikamwachia deni dukani. Paulo awaagizapo Wagalatia wachukuliane mizigo, mimi niliuongeza.

Mtu asiseme sasa kwamba mla mtama haugui. Katika wilaya ya Hai walipimwa wazee wa vijijini 2,223 wenye miaka 70 na zaidi, na habari yao ikatolewa mwaka 2013: karibu 70 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakulijua. Hao ni watu wa migombani na maharagwe. Kwa hiyo tusimtazame mgonjwa kwa jicho la hukumu, kana kwamba amekula dhambi. Chakula hakituleti karibu na Mungu wala hakitutengi naye; Mtume alikwisha kuwaambia Wakorintho. Danieli naye hakutafuta afya. Alitaka kubaki mtu wa Mungu katika nyumba ya mgeni, na uso mzuri alipewa juu yake.

Mimi mwenyewe, niliyetimiza miaka 46, nilikuwa nikijisifu kwamba sina nafasi ya kulala. Asubuhi mtaa huu, jioni mtaa ule, katikati chipsi na soda juu ya pikipiki, nikaiita kazi ya Bwana. Mwezi wa pili nilipimwa katika zahanati, na mganga akakirudia kipimo mara mbili kabla ya kuniambia. Sasa nameza vidonge kila asubuhi, nami nawatangazia ili mwenye kuona haya asione peke yake.

Baraza la wazee limekubali maneno mawili. Katika sikukuu ya kipaimara mwaka huu tutapika ugali, kunde, kisamvu na samaki, na mananasi ya Kiwangwa, wala mzazi ye yote asikope fedha kwa ajili ya soda. Tena akina mama wa kikundi cha Jumatano wamegawana siku za kukaa na yule mtoto mgonjwa, ili bibi yake apate kwenda shambani na kulala mchana.

Juma lililopita nalimzuru tena. Nikamwambia mlangoni, “Shikamoo, bibi. Leo nina njaa ya kile kilichoko nyuma ya mlango.” Akanitazama kitambo, akauliza kama kweli nitakula. Akaleta kisamvu na ugali wa mtama, akaketi mbali kidogo, akitazama uso wangu nilipokuwa nikila.