Usimnyamazishe mtoto anayeuliza habari za mdudu chungu

SIFA njema zote anastahiki Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika sura 114 za Qur'an zimo zilizopewa majina ya wanyama na wadudu. Ipo Al-Baqara, yaani ng'ombe, na ipo Al-An'aam, wanyama wa kufugwa. Ipo An-Nahl, nyuki, na An-Naml, wadudu chungu. Ipo Al-Ankabuut, buibui, na ipo Al-Fiil, tembo. Hii ya mwisho ni miongoni mwa sura ambazo watoto wetu huzihifadhi mapema kabisa, wengine hata kabla ya kuanza darasa la kwanza. Lakini mchukue mtoto huyo huyo aliyekwisha kuisoma Al-Fiil mara mia, umuulize tembo anakula nini, mkonga wake unafanya kazi gani, na kwa nini jeshi la Abraha liliona fahari kutembea na mnyama yule. Mara nyingi atakukodolea macho. Amepewa sura, lakini hajapewa tembo.

Jambo hili linastaajabisha zaidi ukiwa Karatu. Mji huu uko njiani kutoka Arusha kwenda lango la Lodoare, ambalo ndilo mlango wa kuingia Hifadhi ya Ngorongoro. Kila asubuhi magari ya watalii hupita hapo, yamebeba watu waliovuka bahari ili waje kutazama. Wakulima wa pembezoni mwa msitu wanamjua tembo kwa njia nyingine, kwa maana hushuka usiku na kuingia katika mahindi yao. Kwa hiyo mtoto wa hapo ana tembo karibu kuliko mtoto yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa. Hata hivyo, wapo watoto wanaokulia pale hadi wanamaliza shule bila kuingia kreta hata siku moja, na bila kushika kitabu kimoja cha picha kinachowaeleza habari za wanyama wa kwao. Vitabu vingi vya picha vinavyouzwa mitaani kwetu vimetoka nje. Mtoto anajifunza dubu na pengwini, ilhali nyumbu na kororo hawajui.

Amri ya kutazama

Aya ya 17 hadi ya 20 za Surat Al-Ghaashiya zinawalaumu watu wasiotazama. Kitu cha kwanza wanachoelekezwa kukitazama ni ngamia na namna alivyoumbwa. Mbingu, milima na ardhi vinafuata baada yake. Wasemeshwao mwanzo walikuwa Waarabu, watu waliolala na kuamka na ngamia. Allah (s.w) hakuwaelekeza kwa mnyama wa mbali wasiyemjua. Aliwarudisha kwa yule waliyemzoea mpaka wakaacha kumuona.

Katika Surat Al-An'aam (6:38) tunafahamishwa kuwa wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mbalimbali mfano wetu sisi. Na katika Surat Aal-Imraan (3:190-191) wenye akili wametajwa kwa sifa mbili zilizofungwa pamoja: wanamkumbuka Allah wakiwa wima, wakiwa wamekaa na wakiwa wamelala, na wanafikiri juu ya uumbaji wa mbingu na ardhi. Sisi katika madrasa zetu nyingi tumeshika sifa ya kwanza, na ni jambo jema. Hii ya pili tumeiachia shule. Matokeo yake mtoto anakua na makabati mawili kichwani. Moja la dini, ambalo humo mtu husikiliza na kukariri. Jingine la sayansi, ambalo humo mtu huuliza. Akifika kidato cha tatu na maswali yamekuwa makubwa, anajua tayari ni kabati lipi la kulifungua, na siyo lile la msikitini. Hapo ndipo ilipo hatari, wala haiko katika maswali yenyewe.

Mtume (s.a.w) na ndege wa mtoto

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a) kwamba alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, naye alikuwa na kindege akicheza nacho. Mtume (s.a.w) kila akifika kwao alimuulizia mtoto yule habari za ndege wake, tena kwa maneno ya utani yenye vina ili mtoto afurahi. Tuzingatie hapa. Huyu ni kiongozi wa dola, ni kadhi, ni amiri jeshi, naye anapata wasaa wa kuulizia kindege cha mtoto. Mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, Ibn al-Qass, aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hii fupi na akatoa ndani yake faida 60. Sisi tuchukue moja tu: anachokijali mtoto ni mlango wa moyo wake, na mlezi mwenye hekima hupitia mlango huo.

Linganisha na hali ya baadhi ya vyuo vyetu. Mtoto anasoma An-Naml, anafika pale chungu anapowaonya wenzake juu ya jeshi la Nabii Sulayman (a.s), anainua kichwa na kuuliza chungu huzungumzaje. Jibu ni bakora, au "Nyamaza, soma!" Mtoto amefanya kile hasa ambacho aya inataka kifanyike. Ameshangaa. Naye ameadhibiwa kwa kushangaa.

Wako wanaoogopa maswali kwa sababu hawana majibu. Hilo lisitutie haya. Imepokewa kuwa Imamu Malik (r.a) aliulizwa masuala 48, na katika 32 akajibu kuwa hajui. Kama imamu wa Madina alisema hajui, ustadhi wa Karatu au Kariakoo hapungukiwi kitu akimwambia mtoto: "Sijui mwanangu, twende tukatazame." Na hapo nje ya chuo, chini ya mwembe, chungu wapo.

Vipi kuhusu picha?

Najua hapa wapo watakaosema: lakini vitabu hivyo vina picha za viumbe wenye roho. Suala hili si la kupuuzwa, kwani hadithi kali juu ya wachora sanamu zimo katika Bukhari na Muslim. Lakini hadithi hizo hizo zina wenzake. Bibi Aisha (r.a) alikuwa na wanasesere akicheza nao nyumbani kwa Mtume (s.a.w), na hilo limo katika Bukhari na Muslim. Katika Sunan Abi Daud kuna kisa cha Mtume (s.a.w) kumuona farasi mwenye mbawa mbili miongoni mwa wanasesere wake. Akauliza farasi gani huyo mwenye mbawa, naye akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Sulayman (a.s). Mtume (s.a.w) akacheka mpaka magego yakaonekana. Kwa ajili hii ulamaa wengi walivitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo lile. Ama picha za kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuzihalalisha, na wengi wamemfuata. Wapo pia wanaozuia, nao wana hoja zao na heshima yao.

Basi anayeona picha zinafaa, azinunue na azitumie kwa adabu. Na anayeona hazifai, asiishie kwenye kukataza. Aliyemnyang'anya mtoto picha ya chungu amejitwika deni la kumuonesha chungu mwenyewe. Aliyekataza picha ya tembo, na ampeleke Ngorongoro. Kumuacha mtoto bila kitabu na bila kutazama, hiyo haina fat-wa kwa mwanachuoni yeyote.

Kreta ni darasa

Kreta ya Ngorongoro ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 260, na kuta zake zinapanda kiasi cha mita 600. Mtoto akiteremka humo atauliza tu. Mbona twiga hawamo huku chini, na huko juu wapo? Mbona tembo wengi wa bondeni ni madume makubwa yenye pembe ndefu, majike na watoto wakabaki msituni? Mbona heroe ni wa waridi? Hilo la mwisho lina jibu zuri: rangi yake inatokana na anachokula katika maji ya magadi. Na akifika nyanda za Ndutu mwezi wa pili atawaona nyumbu wakizaa kwa maelfu ndani ya wiki chache, na ndama akisimama na kukimbia dakika chache tu baada ya kudondoka. Nani kamfundisha? Nabii Musa (a.s) alipoulizwa na Firauni juu ya Mola wake, alijibu kuwa ni Yule aliyekipa kila kitu umbo lake kisha akakiongoza (20:50). Mtoto aliyemuona ndama yule haihitaji tafsiri ndefu ya aya hii.

Chukua mfano mwingine. Allah (s.w) ametueleza kuwa haoni haya kupiga mfano kwa mbu (2:26), na katika Surat Al-Hajj (22:73) akawashinda washirikina kwa nzi: miungu yao yote ikikusanyika haiwezi kumuumba, na akiwapokonya kitu hawawezi kukirudisha. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi zisizo za kawaida, nzi wanaofyonza damu walizaliana kwa wingi ndani ya kreta. Simba walijaa vidonda, wakadhoofu wakashindwa kuwinda. Kundi lililokuwa na simba zaidi ya 60 lilibaki na takriban kumi tu. Simba, mnyama anayepakwa kwenye nembo za wafalme, aliangushwa na nzi. Kisa hiki kingetosha kuwa kitabu kizima cha picha kwa watoto wa Kiislamu, na sijakiona kikiwa hivyo.

Ngorongoro hiyo hiyo alifika mwaka 1957 binti wa Kiingereza, Jane Goodall, kusaidia uchimbaji wa Oldupai. Baadaye, mwaka 1960, alikwenda Gombe, Kigoma, kuwachunguza sokwe, na dunia ikamjua mpaka alipofariki mwaka 2025. Hakuwa Muislamu, nasi tunamtaja hapa kwa ajili ya mama yake. Jane akiwa mdogo alijificha bandani kwa saa kadhaa ili aone kuku anavyotaga, huku nyumba nzima ikimtafuta. Aliporudi na majani nywelini, mama yake hakumpiga. Alikaa chini akamsikiliza. Kisha akamtafutia vitabu vya wanyama. Na binti alipokwenda Gombe, mama huyo alifuatana naye. Ni mama wangapi wa Kiislamu wangekaa chini siku ile? Tabia ile ni ya kwetu. Ndiyo ya aliyemuulizia Abu Umayr ndege wake.

Tulikuwa nayo

Asitudanganye mtu kuwa elimu hii ni ya kigeni. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika Kitab al-Hayawan, kitabu kikubwa cha wanyama, humo akiwazungumza mpaka nzi na chungu. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, alikuwa faqihi wa Kishafii, madhehebu ya wengi wetu. Aliandika Hayat al-Hayawan kwa mpangilio wa herufi, chenye vichwa zaidi ya elfu moja, akichanganya sifa za mnyama, lugha, hadithi na hukumu ya kumla. Kwa faqihi yule, kabati lilikuwa moja.

Nchini kwetu pia kazi imefanyika. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991 kusaidia uandishi wa vitabu vya watoto kwa Kiswahili, na mwaka 1997 ukapata tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi. Waandishi wapo, wachoraji wapo. Tunachokosa ni sisi Waislamu kuliona jambo hili kuwa ni letu.

Tufanye nini?

Kwanza, kila madrasa iwe na rafu moja ya vitabu vya watoto juu ya viumbe. Pili, ustadhi akifundisha An-Nahl awaoneshe watoto mzinga, na akifundisha Al-Ankabuut awaoneshe utando wa buibui. Tatu, fedha tunazotumia kukodi mabasi ya sherehe, sehemu yake ikodi basi la kwenda mbugani, na wa Arusha na Karatu hawana udhuru kabisa, kwa kuwa kiingilio cha raia ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni. Nne, wahitimu wetu wa vyuo vikuu waandike, na waandike kwa ukweli, kwa sababu kumzulia mnyama jambo asilokuwa nalo ni uongo hata kama nia ni kumsifu Muumba.

Tano, udadisi ufungamane na huruma. Mtoto mwenye udadisi bila huruma hushika manati. Mtume (s.a.w) amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Naye Ibn Umar (r.a), alipowakuta vijana wamemfunga ndege wakimlenga, walitawanyika walipomuona. Watoto wajue pia habari ya Fausta, faru jike wa Ngorongoro, aliyefariki Desemba 2019 akiwa na umri wa miaka 57. Uzee ulipomdhoofisha na fisi wakaanza kumjeruhi, mwaka 2016 alitengewa mahali akatunzwa hadi mwisho wake. Mtoto akijifunza kuwa faru mzee hatupwi, atajua pia la kumfanyia bibi yake.

Ndugu wazazi, swali la mtoto wako juu ya chungu litakuja jioni umechoka, ukiwa na simu mkononi. Kaa chini umsikilize. Huenda ndiyo mara yake ya kwanza kusoma ishara za Mola wake kwa macho yake mwenyewe.

Tunamuomba Allah (s.w) atujaalie sisi na vizazi vyetu tuwe miongoni mwa wanaotazama wakazingatia, na wanaojua wakanyenyekea. Amin. Wabillahi tawfiq.